Fundi Aliyegeukia Ukutani

Fundi wa kompyuta huvua viatu mlangoni hata akiambiwa apite navyo, na kabla ya kugusa waya hujifuta vidole kwenye shati, kimoja kimoja, kama anayekwenda kumpakata mtoto mchanga. Alasiri ile alikuwa ameweka sebuleni kisanduku cheusi chenye diski mbili, moja ya kutunzia picha za familia, nyingine ya nakala zake. Ya tatu, alishauri, ikakae kwa dada wa mwenye nyumba, moto au mwizi asije akamaliza zote. "Tatu!" mama mwenye nyumba aliguna, mikono kiunoni. "Hiyo ya pili tu sijaiona kazi yake, fundi." Fundi akamgeuzia kioo cha kompyuta. "Chagua picha unayoipenda kuliko zote, mama. Ifute." "Una wazimu wewe!" Lakini aliichagua, ile moja tu inayomwonyesha marehemu mama yake akicheka, akaifuta. Pakabaki peupe. Fundi akamwonyesha pa kubonyeza ili irudi, kisha akageukia ukutani, kama afanyavyo kila nyumba, asimtazame mtu usoni wakati huo. Pazia lilijaa upepo likatulia. Vumbi lilielea kwenye mwanga wa dirisha, na ndani ya kisanduku kitu kikaanza kuvuma taratibu, kama mtu anayegeuka usingizini. Fundi aliinamisha kichwa, akasikiliza. "Anakuja," alisema, mgongo bado kwa kioo, na marehemu akarudi pichani, meno yote nje. Mwenye nyumba alimtazama mama yake kitambo, akakohoa. "Hiyo ya tatu," alisema, "ilete kesho. Na usinipandishie bei."