Mtungi wa Kasiksi na Bao Lisiloshangiliwa

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, nilipochoma jezi nzuri kuliko nguo zote nilizokuwa nazo, tena nikaichoma huku nacheka. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, ndevu zimenijaa, akili bado ziko njiani zinakuja. Jana uliponiambia kwamba umemfuta rafiki yako kwenye simu, eti kwa sababu ameiacha timu yenu akaenda kwa wale mnaoshindana nao, nilitaka kukugombeza. Kisha moshi wa ile jezi ukanirudia puani, nikaacha. Basi kaa hapo. Weka simu chini, haitakimbia.

Wakati ule hapa Kasenga tulikuwa na wazimu mmoja, na naona haujapona mpaka leo: mpira wa Uingereza. Nchi yenyewe hatujaikanyaga, lakini tuligombana kwa ajili yake kuliko tulivyogombania mashamba ya baba zetu. Tulikuwa tunatazama kwa Papa Deo, mwenye nyumba ya video, mabenchi ya mbao na jenereta inayokohoa huko nje. Kushoto tunakaa sisi wa Wekundu, kulia wanakaa wale wa Bluu. Hizo ni timu mbili za mji mmoja kule kwao, zinachukiana kama wake wenza. Majina yake sitayataja. Nikiyataja utaanza kubishana, na hadithi itafia hapo.

Sisi Wekundu tulikuwa na mshambuliaji mmoja, ah, mwanangu! Walimchukua angali mtoto, wakamlea, wakamfundisha, akawa moto wa kuotea mbali. Jina lake lilikuwa mgongoni mwa ile jezi yangu. Na jezi yenyewe nililetewa kutoka Bujumbura na Amani, rafiki yangu tuliyecheza naye timu ya mtaa, yeye mbele akifunga, mimi nyuma nikivunja miguu ya watu. Amani alikuwa anampenda dada yangu Zawadi. Kila mtu alijua, na Zawadi alijua kuliko wote. Jezi ile ilikuwa ya kumlainisha shemeji, na shemeji, usinicheke, alilainika kabisa.

Sasa siku hiyo tukasikia redioni kwamba yule mshambuliaji wetu amehamia Bluu. Si ng'ambo, si mbali. Amevuka barabara tu, kwa adui! Damu ilinipanda. Nilivua jezi palepale mbele ya nyumba ya Papa Deo, nikaomba kiberiti. Vijana wakapiga makofi, na mtu mwenye hasira akipigiwa makofi hujiona mfalme. Nikapaza sauti: "Mwacha asili ni mtumwa! Anayehama kwetu hatakula na mimi tena!"

Amani alikuwa amesimama pembeni, anaitazama zawadi yake inavyokunjamana motoni.

"Shemeji," aliniambia polepole, "unachoma mayo ao unachoma mutu?"

"Nachoma vyote viwili, jezi na mtu."

"Basi unichome na minye. Nimepata kazi ku porti, kule Kalundu. Mwezi ujao nitachezea ekipe ya kule."

Kalundu! Timu iliyotufunga miaka miwili mfululizo. Amani akaanza kueleza: kazi inaisha saa kumi, hawezi kuwahi mazoezi ya Kasenga, mama yake anaumwa, na kazi haiokotwi njiani. Sikusikia hata neno moja. Nilimwona yeye na yule Mwingereza kuwa mtu mmoja mwenye migongo miwili.

Wiki moja baadaye wazee wa kwao Amani wakaja nyumbani kumposa Zawadi, na mtungi wa kasiksi. Wewe umezoea vinywaji vya chupa, kwa hiyo nikueleze. Katika ukoo wetu, watu wa upande wa mume huleta mtungi wa pombe ya ndizi, na baba wa msichana ndiye anayekunywa kikombe cha kwanza. Akinywa, mlango umefunguka, mazungumzo yaanze. Baba yangu alikuwa ameshafariki, kwa hiyo kikombe kilikuwa changu. Zawadi alikuwa jikoni, amevaa kitenge kipya, anasikiliza. Nilikitazama kile kikombe, nikawatazama wale wazee waliokuja na makoti yao ya Jumapili, nikasema: "Mimi sinywi pombe ya wasaliti."

Mungu anisamehe. Mpaka leo nikilikumbuka neno hilo natamani kulifuta kwa mkono. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na mimi siku ile nilijikwaa kwa ulimi mzima.

Wazee waliondoka bila kugombana. Mmoja akasema tu kwamba watangoja mpaka mwezi uishe, kisha watakwenda kuzungumza na nyumba nyingine. Mtungi wakauacha mlangoni, maana desturi yetu ni hii: mtungi uliokataliwa haurudishwi na aliyeuleta. Aliyeukataa ndiye atakayeubeba kwa mikono yake mwenyewe mpaka kwa wenyewe, kama moyo wake utageuka. Usipogeuka, mtungi unabaki palepale mpaka upasuke.

Ukabaki. Siku ya kwanza ulinukia ndizi. Siku ya tano ukaanza kuchacha, nzi wakaja. Zawadi alifagia ua kila asubuhi, akiufikia mtungi anauzunguka kwa ufagio, hausogezi, hanisemeshi. Chakula ananiwekea, maji ya kuoga ananiwekea, lakini neno hakuna. Alikonda mpaka kitambaa cha kichwani kikawa kinamteleza. Na mimi, mtu mzima, nikawa napita mlango wa nyuma ili nisiuone mtungi. Kiburi kilinikataza kurudi, na kila siku mwezi ulikuwa unakatika.

Zilipobaki siku nne, akashuka Shangazi Faida. Huyo alikuwa dada wa baba yangu, ameolewa Luberizi, analima mpunga kule bondeni. Mwanamke mfupi, sauti ya kuita ng'ombe. Alikuja juu ya lori na nusu gunia la mchele, akateremka, akafika mlangoni, akanusa.

"Hii ni nini inanuka hapa? Ni pombe ao ni akili ya mwenye nyumba?"

Nilimweleza. Nilimwambia habari za Wekundu na Bluu, za yule aliyehama, za Amani na Kalundu. Nilidhani atanigombeza. Hakunigombeza, na hilo lilinitia hofu zaidi. Akauliza tu: "Huyo Muzungu wenu aliyehama, atacheza lini?"

Kumbe ilikuwa kesho yake, Jumamosi alasiri, tena Wekundu na Bluu wenyewe kwa wenyewe. Shangazi akasema: "Minye nitakwenda kumuona."

Hebu fikiria aibu yangu, kuingia kwa Papa Deo na shangazi yangu! Alikaa benchi la mbele, katikati kabisa, hakuna aliyethubutu kumwambia ahame. Maswali yakaanza. Yule mwenye filimbi ni mtoto wa nani, mbona anawaonea watu? Mbona wanatema mate ovyo, hawana mama? Vijana walikuwa wanakufa kwa kicheko. Mimi nilikuwa natokwa na jasho, namngojea yule msaliti aguse mpira nipate kumzomea.

Akaugusa. Kipindi cha pili, umebaki muda mdogo, mpira ukamfikia miguuni. Akamhadaa beki wetu, akapiga. Bao. Upande wa kulia wakaruka mpaka bati likalia. Upande wetu, mikono kichwani.

Lakini yeye mwenyewe, mwanangu, hakuruka. Alisimama palepale, akainua viganja viwili juu kama mtu anayeomba radhi, akainamisha kichwa. Wenzake wapya wakamrukia, naye akawatuliza kwa mkono. Akarudi katikati ya uwanja taratibu, macho chini.

"Mbona hafurahi?" Shangazi akauliza. "Si ameshinda?"

Papa Deo ndiye aliyemjibu: "Mama, ile ekipe amefunga ndiyo ilimulea. Wenye adabu wakifunga kwao, hawashangilie."

Shangazi Faida akageuka, akanitazama mbele ya watu wote.

"Sasa sikiliza, weye. Minye nilizalikia hapa Kasenga. Baba yako alinibeba mugongoni. Kisha nikatoka, nikaenda Luberizi, nikazalia kule watoto saba wenye jina la wengine. Minye pia nilihama ekipe. Minye niko musaliti?"

"Hapana, Shangazi."

"Ulishasikia nikitukana nyungu nilikulia chakula hapa?"

"Hapana, Shangazi."

"Na huyo Amani, siku alikuambia anaenda, alitukana Kasenga? Alitukana weye?"

Nilitafuta. Nilitafuta kweli, mwanangu, kama mtu anayetafuta funguo mifukoni. Hakuwa ametukana chochote. Mwenye matusi nilikuwa mimi peke yangu. Nilianza kulia mbele ya vijana wa pande zote mbili, Wekundu na Bluu, na sijui machozi yale yalikuwa ya aibu au ya kutua mzigo. Nadhani yalikuwa ya kutua mzigo. Kukosea kunachosha, lakini kung'ang'ania kosa kunachosha mara mbili.

"Kulia hakubebi mutungi," Shangazi akasema, akasimama, akajipangusa kitenge.

Jumapili asubuhi nilimwaga ile pombe iliyochacha. Niliuosha mtungi kwa majivu na mchanga mara tatu mpaka harufu ikatoka, nikanunua kasiksi mpya, nikaujaza. Nikataka kuita pikipiki. Shangazi akaniuliza kama siku ile nilitukana kwa pikipiki au kwa mdomo wangu. Basi nikautwika kichwani, mimi mwanaume mwenye ndevu, nikatembea kwa miguu kutoka Kasenga mpaka Kalundu, walikokuwa wameshahamia Amani na mama yake, ziwa mkono wa kushoto, milima mkono wa kulia, na vijana wa pikipiki wananipigia honi na kunizomea njia nzima: "Yaya, umeolewa wapi?" kana kwamba mimi ni dada yao mkubwa. Wengine nilisoma nao. Sikumjibu hata mmoja, shingo haikuniruhusu.

Sasa hapa ndipo palipokuwa na hatari. Desturi inasema aliyeukataa mtungi akiurudisha, atakunywa yeye kwanza, kisha atampa kikombe aliyekataliwa. Na huyo ana haki zote mbili: kunywa, au kumwaga chini. Akimwaga, mambo yamekwisha.

Amani alikuwa amekaa uani na mama yake na wale wazee. Niliutua mtungi, nikachota, nikanywa, nikachota tena, nikampa kwa mikono miwili. Nikasema, "Nilichoma jezi yako. Nisamehe, shemeji."

Alikipokea kile kikombe. Akamtazama mama yake. Mama yake akatazama pembeni, kana kwamba anasema, hilo ni lako. Kisha Amani akanywa, akanywa mpaka chini, akajifuta mdomo.

"Iko tamu," akasema. "Lakini tukicheza, nitakufunga."

Nilicheka mpaka nikakaa chini pale pale mavumbini. Nafuu niliyoisikia siku ile sijapata kuisikia tena, hata homa ilipopona, hata vita vilipopita mlangoni petu vikatuacha hai. Na niliporudi nyumbani, Zawadi alikuwa mlangoni, pale pale mtungi ulipokuwa. Aliuona uso wangu, akapiga kigelegele peke yake, kile cha kwanza cha harusi, mpaka majirani wakatoka nje.

Na kweli Amani alinifunga. Timu zetu zilipokutana alinipita kama nimepandwa ardhini, akafunga. Watu wa Kalundu wakapiga kelele. Yeye akasimama, akainua viganja viwili, akainamisha kichwa upande wa Kasenga. Mimi, beki wa Kasenga, bao likiwa limepita kwangu, nikajikuta napiga makofi. Kapiteni wetu alitaka kunipiga. Siku ya harusi Amani alinipa jezi nyingine, ya Bluu, yenye jina la yuleyule mgongoni. Huivaa nikilala tu. Mtu wa Wekundu ana mipaka yake.

Tangu hapo nimewaona wengi wakivuka kati ya timu hizo mbili kule Uingereza. Yuko aliyevuka akaitukana nyumba aliyotoka, na alipozeeka hakuna nyumba iliyomwita. Yuko aliyevuka kimya, akafanya kazi yake kwa heshima, na leo akiingia uwanja wowote kati ya ile miwili watu wanasimama kumpigia makofi. Hawa wote walihama. Kuhama si kosa, mwanangu. Tazama namna unavyotoka.

Basi nasaha yangu ni hii, na naisema waziwazi usije ukasema mzee alizunguka. Usimpime mtu kwa timu aliyoiendea, mpime kwa anavyoitendea aliyoiacha. Ukihama wewe, na utahama, iwe kazi, mji au nyumba, usiteme mate katika nyungu uliyokulia. Na ukiwa umeshatamka neno baya, usipite mlango wa nyuma. Hasira ni hasara, ndiyo, lakini hasara inaweza kulipwa mtu akikubali kubeba mtungi wake mchana, watu wakimwona.

Mtungi wenyewe ungali mzima. Uko kwa shangazi yako Zawadi, kule Kalundu, ndimo anamoweka maji ya kunywa. Kila ukienda kule unakunywa humo, wala hukujua.

Haya, chukua simu yako. Namba ya rafiki yako umeifuta, lakini nyumba yao unaijua. Nenda kwa miguu. Mungu akupe miguu ya kwenda na uso wa kurudi, na kila mlango uliowahi kuutokea kwa heshima, akufungulie tena.