Barua Zangu Zilimfikia, Simu Yake Ikamwambia "Picha"

Admin, ficha jina langu na la chuo, maana Homa Bay ni mji mdogo na mimi ni mama mnene, naonekana haraka.

Nina miaka hamsini na mbili, ni karani katika chuo cha walimu. Kazi yangu ni kuandika matangazo ya ofisi na kuyatuma kwa wanafunzi wote kwa barua pepe. Kwetu barua bila muhuri haihesabiki, hiyo ni amri ya mkuu. Kwa hivyo nachapa, mkuu anatia sahihi, nagonga muhuri, kisha naskani ile karatasi na kuituma kama picha. Juu yake naandika tu "Tangazo, soma." Muhuri ukitokea vizuri, umenyooka, nilikuwa najiona mtaalamu.

Kuna msichana, tumwite Akeyo, kwao ni upande wa Kendu Bay. Haoni tangu utotoni. Simu yake humsomea maandishi kwa sauti, tena kwa mbio ambazo mimi siambulii neno. Muhula uliopita alikuja ofisini kwangu.

"Madam, barua zako zinanifikia, lakini simu inaniambia tu 'picha', halafu inanyamaza."

"Picha gani tena? Hiyo ni barua."

"Kwako ni barua, Madam. Kwa simu yangu ni kama umenitumia picha yako ya harusi."

Tulicheka sote. Akasema, "Ungeniandikia tu yale maneno hapo chini. Hata bila muhuri nitakuamini."

"Sawa, nyathina. Mwanangu, nitafanya."

Sikufanya. Nilisema nitaanza na tangazo lijalo, likaja na kupita, na lingine, nikasahau kabisa. Yeye akawa anasomewa na mwenzake wa chumbani.

Mwezi jana likatoka tangazo la mazoezi ya kufundisha. Kila mwanafunzi athibitishe shule yake kufikia Ijumaa, asiyethibitisha nafasi yake apewe mwingine. Wiki hiyo mwenzake Akeyo alikuwa ameenda matanga huko Sori. Akeyo akafungua barua, simu ikamwambia "picha". Tulikuwa tumetuma pia tangazo la michezo, akadhani ni lile lile. Shule aliyopangiwa ina walimu wanaojua nukta nundu, na walikuwa wanamngoja. Nafasi ikaenda. Sasa ameambiwa asubiri mwaka mzima.

Mkuu alituita wote wawili.

"Madam, barua ilitumwa kwa wote?"

"Ilitumwa kwa wote, Mkuu."

Nilisema ukweli, na hapo ndipo nilipopaswa kuendelea kusema. Nikanyamaza. Akeyo akageuza uso kule sauti yangu ilikotoka. Nilingoja anitaje, jasho likinitoka hadi kwenye viatu.

"Na wewe, uliipata?"

"Niliipata, sir."

"Basi hapo makosa ni yako."

"Ndiyo, sir."

Tulipotoka nje alinitafuta mkono akaushika. "Madam, usijali. Ningetafuta mtu wa kunisomea." Afadhali angenitukana. Matusi nayajua, nimelea watoto wanne.

Sabato hiyo, baada ya kanisa, niliwasha kwenye simu yangu kile kisomaji cha sauti, kama cha Akeyo. Kikaanza kupiga kelele jikoni, kikasoma hadi umbea wetu wa chama, na sikujua kukizima. Mzee wangu akauliza huyo mwanamke anayeongea ni nani. Nikafumba macho nikafungua tangazo langu mwenyewe. "Tangazo, soma. Picha." Kisha kimya. Nikakaa na kimya hicho, sufuria ikaungua.

Siku hizi naandika maneno yote kwenye barua yenyewe, picha ya muhuri inafuata chini. Kuna mwalimu amenisifu mbele ya wenzake kwamba sasa barua zangu zinafunguka haraka hata kwenye simu yake mbovu. Sifa zile ziliniuma.

Orodha ya mwisho ya mazoezi ya kufundisha inaondoka Alhamisi, bado inaweza kurekebishwa. Nikisema, nitapata barua ya onyo, miaka michache tu kabla ya kustaafu, na mkuu ataona ninalaumu amri yake ya muhuri. Pia yule aliyepewa nafasi atahamishwa, naye hana kosa. Mzee wangu anasema, "Nyamaza, msichana mwenyewe ameshakusamehe." Mimi naona hajanisamehe. Amenifichia kosa tu, na sijawahi hata kumwomba radhi.

Ndugu zangu, nipeni shauri. Nianze kwa mkuu, ama nianze kwa Akeyo nimwambie nilimwacha abebe kosa langu? Leo ni Jumanne. Wa kuniambia ninyamaze tayari ninaye nyumbani.