Jina Langu Kwenye Ilani ya Soko

Jumanne asubuhi tingatinga lilisimama mbele ya kibanda changu, na askari wa mji akasoma ilani iliyosema mimi ndiye niliyeunga mkono kibomolewe.

Si utani. Jina langu lote, hadi la baba.

"Kogo, huyu ni wewe?" akauliza kwa upole, akiniita vile Wakipsigis huita bibi zao.

Ni mimi.

Miaka miwili iliyopita, wenye vibanda walinichagua niwawakilishe kwenye bodi ya mji wetu huku kwenye mashamba ya majani chai. Aliyenipigia debe ni Eucabeth, jirani yangu muuza omena, dagaa wa ziwani. "Mama Nyaberi hawezi kutuuza," aliwaambia.

Bodi ndiyo huamua soko likae wapi, taka zimwagwe wapi, nani ajenge nini. Nilijua hayo. Na kila mkutano katibu, Kipngetich, aliniwekea kiti mbali na upepo, akanimiminia chai kabla ya wakubwa.

Kijana mwema. Hata leo nasema ni mwema.

Mkutano mmoja niliukosa. Eucabeth alikuwa amelazwa, nikakaa naye hospitalini.

Uliofuata, mwenyekiti akainua kumbukumbu za ule nilioukosa. "Kurasa kumi na moja. Tuseme tumezisoma?"

Mvua ilikuwa inakuja. Mmoja akapendekeza zipitishwe. Akatakiwa mwingine wa kuunga mkono. Kipngetich akaniangalia, macho yamechoka, na kwao ni mbali.

"Naunga mkono," nikasema.

Ukurasa wa tisa ulisema soko liondolewe, pawe steji ya matatu.

"Lakini mlipewa siku kumi na nne za kupinga," askari akasema Jumanne hiyo, tingatinga likinguruma. "Ilani ilibandikwa hapo langoni. Hakuna barua hata moja ilikuja ofisini."

"Ilani gani? Usituletee stori, wewe!" Maxine, muuza nyanya, akafoka. Kisha akanigeukia mimi, akatema mate chini.

Eucabeth peke yake hakupiga kelele. Alikuwa anazoa omena kwenye gunia.

Kufikia saa sita, vibanda vyote vilikuwa mabati chini. Kipngetich akaja, akatoa stuli yangu matopeni, akaipangusa na mkono wa shati. "Kogo, ningekuambia..." Hakumaliza.

Alipoondoka, Eucabeth akafungua fundo la leso, akanipa karatasi iliyokunjwa.

"Niliibandua langoni asubuhi ile ile ilipobandikwa, mtu asiione. Nilijua watakutafuna."

"Na zile siku kumi na nne, Eucabeth?"

"Nilisoma jina lako tu. Nikaikunja."

Tukakaa juu ya mabati. Sikumlaumu. Ningeanzia wapi?

Alhamisi nilienda kwa bodi. Walinisikiliza vizuri, chai nikapewa. Wakasema muda wa kupinga umepita.

Jumapili Eucabeth alirudi kwao, kule ziwani. Nilimbebea gunia hadi barabarani. Wale wengine hawanisalimii.

Wewe unayesoma hii, karatasi ikikufikia, isome mpaka mwisho, hata kama mvua inakuja, hata kama aliyeishika unampenda. Mimi na Eucabeth tulioneana huruma tu. Sasa pale kilipokuwa kibanda changu wameweka changarawe ya steji.