Dakika Kumi na Moja za Papa Irakoze

Mimi ni Mkenya, na hapa Durban hilo peke yake linatosha kumponza mtu. Ukitaja Kenya, watu wanakutazama miguu. Nafundisha takwimu chuoni mwaka wa tisa sasa, kitambi kinanitangulia mlangoni, na bado walinzi wa getini huniuliza nitakimbia mbio zipi mwaka huu. Zamani nilikuwa nakanusha. Siku hizi nacheka tu, na kicheko hicho ndicho kilichomharibia Papa Irakoze.

Jina lake hasa ni Vénérand. Irakoze ni bintiye wa kwanza. Ni Mrundi wa miaka arobaini na minane, na kazi yake ni kulinda magari ya wateja mbele ya maduka ya Barabara ya Umbilo, chini ya ghorofa ninamoishi. Anajua gari la nani linavuja oili na nani hufunga mlango akasahau dirisha. Kabla ya kuikimbia nchi yake alikuwa askari wa hifadhi ya Ruvubu kwa miaka kumi na miwili. Alilinda nyati na viboko, sasa analinda Corolla. Akisimulia habari za Ruvubu hushusha sauti, kana kwamba wanyama watamsikia watimke.

Mwaka jana Billy, mwandaaji wa mbio za nyika za kuchangia ulinzi wa vifaru kaskazini mwa jimbo hili, alikuja kwenye ibada yetu ya Kiswahili kutafuta wakimbiaji. Papa Irakoze alimfuata nje akamweleza kazi yake ya zamani. Billy akamtazama mvi zake. Akasema wanahitaji mtu wa kukagua njia na kusoma nyayo, ila hawataki atakayeanguka jua likipanda. "Maliza kilomita thelathini kabla ya saa sita mchana, halafu tutazungumza." Najua alisema hivyo kwa sababu mkalimani nilikuwa mimi.

Tangu siku ile Papa Irakoze akawa anakimbia kila alfajiri, kutoka Umbilo mpaka Bluff na kurudi, kisha anavaa kizibao chake cha rangi ya machungwa na kushinda juani amesimama. Miezi sita. Akapangwa kundi la mbele kabisa, la wenye mbio.

Hapo ndipo tulipoingia sisi. Watu wa ibada yetu hatujui kumwacha mtu afanye jambo peke yake. Harusini tunakwenda basi zima. Ofisi ya vibali tunasindikizana watu kumi. Mama Blandina, mwenyekiti wetu, aliposikia habari ya mbio akatangaza kwamba tutakimbia sote, kundi moja. Na porini kule wanakimbia watu wanane wanane nyuma ya askari mwenye bunduki, hakuna ruhusa kuacha kundi, na muda unaohesabiwa ni wa yule wa mwisho.

"Papa Irakoze, utatuacha aje na sisi ni famille?" Mama Blandina alimwuliza.

Papa Irakoze aliposhuka basi hapa Durban hana kitu, huyo mama ndiye aliyempa pa kulala. Angemkatalia vipi? "Sawa, Mama," akasema, akiangalia viatu vyake.

Kisha wakanigeukia mimi, Mkenya wao, kuniuliza kama nitaweza. Nikacheka.

Tulianza saa kumi na mbili, majani bado yana umande. Kilomita ya nane magoti yangu yalishakataa. Truphosa, nesi kutoka kwetu, alitembea ubavuni mwangu akininywesha maji kama mgonjwa wake. Papa Irakoze alitangulia, akarudi, akatangulia, akarudi.

"Prof, pumua na pua. Tuko bien."

Nilitamani anitukane. Kila akisema tuko bien, yaani tuko sawa, anatupia jicho jua, nami naona anavyohesabu. Kilomita ya kumi na nane nikaketi juu ya jiwe, nikamwambia askari amruhusu Papa Irakoze aende zake. "Eish, baba," askari akajibu, "iko simba hapa." Nikainuka.

Saa tano na robo zilibaki kilomita tatu. Hata kwa kuchechemea kwangu, tungewahi kwa kubana. Tukashuka kwenye korongo lenye majani marefu, na ghafla Papa Irakoze akainua mkono, kiganja wazi, vidole vimebanana.

"Simama. Iko nyati."

Sikuona kitu. Majani tu, na ndege wawili wadogo walioruka na kutua palepale. Askari mwenyewe alikuwa ameshainua mguu apige hatua. Kisha majani yakatikisika na pembe zikatokea, nyati dume mzee, hatua ishirini kutoka tulipo. Tukarudi kinyumenyume jinsi ule mkono ulivyotuelekeza, tukapanda kilima kuzunguka korongo lote. Dakika ishirini zikaenda.

Kutoka juu ya kilima bendera za mstari wa mwisho zilionekana. Yeye angefika na muda ungebaki. Alinishika kiwiko akashuka na mimi, hatua kwa hatua, na tukavuka mstari saa sita na dakika kumi na moja.

Billy alinikimbilia mimi. Akaniinua mkono mbele ya kipaza sauti: Mkenya wetu! Watu wakashangilia. Nikamvuta pembeni, nikamweleza habari ya nyati na ni nani aliyetuokoa. Shahidi wangu, yule askari, alikuwa ameshatumwa kulichukua kundi lingine. Billy akampiga Papa Irakoze begani. "Hongera, mzee. Lakini muda ni muda. Jaribu tena mwakani."

Kwenye basi nilishindwa kunyamaza. Nikamwomba msamaha.

"Si wewe, Prof. Ni nyati ndiye alituchelewesha."

Nyati! Bila mimi wangepita korongo lile saa nne, nyati yuko kwingine kabisa. Nilikasirika mpaka nikageukia dirisha.

Jumapili Mama Blandina alimshukuru Mungu kwamba hakuna aliyeachwa nyuma, akaandikisha majina ya mwakani, kundi lilelile. Watu wakapiga makofi. Papa Irakoze naye akapiga. Mimi sikupiga. Nimemwandikia Billy mara tatu na sijajibiwa.

Jumatatu nilikuwa narudisha gari nyuma, nimechelewa darasa, nimenuna. Kwenye kioo nikaona kizibao cha machungwa na mkono umeinuliwa, kiganja wazi, vidole vimebanana. Nikakanyaga breki kabla sijafikiri. Lori la mikate likapita nyuma yangu, karibu linikwangue. Akatazama huku na huku, akaniita polepole kwa vidole viwili, kisha akaja dirishani.

"Goti iko aje, Prof?"

"Papa Irakoze, mwakani usikimbie nasi. Rudi kundi la mbele, ukimbie peke yako."

Akanikazia macho kwa mshangao wa kweli. "Peke yangu? Na nyinyi mtatembea na nani mule?"

Gari lingine lilikuwa linasubiri nafasi yangu, akanipungia niende.