Nilimpa Mdogo Wangu Mbili kwa Kumi

Nimekosa, wasomaji wenzangu, na kosa lenyewe nililiandika kwa mkono wangu, kwa chaki, watu wakisoma. Jina langu mniachie. Hapa Goma tunajuana mno.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Mpira kwa miguu sikuwahi kuujua, lakini kwa mdomo, lo! Hakuna anayenishinda.

Katika mashindano ya mitaa yetu mchezaji hanunuliwi. Wachezaji wanasimama uwanjani, makocha wanachagua mmoja mmoja kwa zamu. Wakimaliza, mimi natoa alama kwa kila chaguo la timu yetu, juu ya kumi, kama daftari za wanafunzi, kwenye ubao mbele ya karakana ya seremala pale mtaani Ndosho. Nilianza kwa utani. Mwishowe watu wakawa hawamwamini kocha mpaka mwalimu aseme.

Mwaka huu kocha wetu alipopata zamu ya kwanza alimchagua Kasereka, beki. Ni mdogo wangu, tumbo moja, na tulikuwa tunaishi sote kwa mama.

Chaguo safi! Nawaambia leo kwa sababu siku ile sikusema. Kasereka alijua mpira unakwenda wapi kabla haujapigwa. Alistahili tisa.

Lakini nikiwa naelekea ubaoni nikamsikia fundi mmoja akicheka: "Leo tutaona. Mwalimu atabeba ndugu yake tu, bote beko vile." Yaani wote wako hivyo.

Maneno yale yakanichoma. Mimi, nibebe ndugu? Nikashika chaki nikaandika: Kasereka, mbili. Pembeni nikaongeza: mzito, anachelewa kugeuka. Uongo mtupu! Watu wakapiga makofi, wakasema huyu ndiye mtu wa haki. Nami nikavimba kichwa, mjinga mimi.

Kocha alisoma, akanigeukia. "Mwalimu, miye niliona mutu wa mupira. Weye uliona nini?"

Nikakung'uta chaki mikononi, nikaondoka.

Mechi ya kwanza, Kasereka alipogusa mpira tu, uwanja mzima ukapiga kelele: "Deux! Deux!" Mbili, mbili! Jina likamganda. Mechi ya pili vilevile, na mguu wake ukaanza kusita. Mtu ambaye hakuwa anasita! Ya tatu kocha alimtoa kabla ya mapumziko, na watu wakaja kunipa mkono: mwalimu, uliona mbali.

Tulipofika nyumbani alisimama mlangoni, viatu mkononi. "Yaya," akasema, maana ndivyo tunavyomwita kaka mkubwa, "nageuka mubaya kweli? Niambie, nitajifunza."

Ningesema! Neno moja tu lilitosha. Nikamwambia aongeze mazoezi.

Asubuhi yake alipanda moto, pikipiki ya abiria, kwenda Rutshuru kwa mjomba. Sasa analima maharagwe, mpira ameacha. Anampigia mama kila Jumapili baada ya misa. Nikipiga mimi, simu inaita mpaka inakatika. Juzi nilimwomba mama anipe simu yake niongee. Kasereka aliposikia sauti yangu, akakata. Nililia mbele ya mama, na ndevu zangu hizi.

Nikamweleza mama yote. Nikajitetea kwamba niliogopa watu waseme nimemsaidia.

"Kasereka hakukuomba umusaidie," mama akasema. "Alingojea tu umupatie yake."

Kesho yake nikaenda ubaoni, nikaandika jina lake na tisa, nikaandika kwamba nilidanganya. Mnajua walivyosema? "Sasa ndiyo anabeba ndugu yake!" Wakacheka mpaka wakachoka. Maji yakimwagika hayazoleki.

Ninyi mnaopenda kuhukumu watu, iwe uwanjani, iwe darasani, nawasihi. Msimkate alama mtu wenu ili mgeni awasifu. Ndugu yako akistahili tisa, mpe tisa na waseme wanavyotaka. Watasema siku mbili, kisha watakwenda kwao kula. Wewe ndiye utakayebaki na nyumba ambayo ndugu yako haingii.