Kaskazini ya Zdravka

Anayetuendeshea mchezo wa mezani, ule wa kuigiza mashujaa kwa dadu, hapa mjini Plovdiv, Bulgaria, ni karani wa posta, na hukumu zake hushuka kama mihuri. Hutafuna mbegu za alizeti, maganda akiyapanga kando ya dadu; akiacha kutafuna, ujue shujaa wa mtu anakufa na karatasi yake inachanwa. Shujaa wa mwenzetu Zdravka, mwizi ambaye amemchezesha kwa miaka miwili, ana kipaji kimoja tu: kujua kaskazini ilipo. "Dada, hata kuku wanajua," karani humwambia, kwa sauti ya kukurudishia barua isiyo na stempu. Jumapili hii mashujaa wetu walinaswa mgodini gizani, maji yakipanda, na karani alikwisha kutamka kwamba mlango uko kaskazini. Dadu za wengine wote zilishindwa. "Natumia kipaji changu," akasema Zdravka. "Wasalimie samaki," mchezaji mwingine, Asparuh, akamchokoza. Karani akaacha kutafuna. Akalamba kidole, akafunua ramani aliyoichora mwenyewe, akaigeuza, akaigeuza tena, masikio yakimwiva. Kwa kukidharau kipaji kile, hakuwahi kuiwekea alama ya kaskazini. Akamsogezea Zdravka ramani na penseli. "Chora mwenyewe, dada," akasema chini chini. Zdravka akailamba ncha ya penseli, bila haraka yoyote, nasi maji yametufika shingoni.