Pua ya Kuazima

Nyuma ya jengo lile la ghorofa tatu kulikuwa na ua, na katika ua huo, chini ya kamba za nguo, lililala gari dogo la spoti la zamani: viti viwili, paa la turubai, na wekundu uliochakaa mpaka ukafanana na tofali. Lilikuwa la Fundi Saa. Duka lake la saa alilifunga macho yalipoanza kumkataa kwenye vyuma vidogo vidogo, na haukupita muda mkewe naye akafariki. Watoto hawakujaliwa. Basi mzee akabaki na gari, na gari likabaki na mzee.

Sasa gari hilo likaanza kunuka petroli.

Aliyelalamika ni mama mmoja mjane wa ghorofa ya pili. Jengo zima lilimwita Mama Madirisha kwa jinsi alivyokuwa akiyabamiza, pa! pa!, mpaka vioo vinalia.

"Mzee! Siku moja utawasha hilo gari na tutakwenda wote juu, na mimi sijapiga pasi!"

"Nalishughulikia, mama."

"Unalishughulikia au unalibembeleza?"

Mwenye nyumba naye alikuja, akasimama mbali kidogo na gari kama mtu anayeogopa kuumwa. Akasema: ikifika mwisho wa mwezi bado linanuka, litoke. Fundi Saa hakuwa na pengine pa kuliweka. Kulitoa ni kuliuza. Na kwenye upande wa abiria, kile kikinga jua bado kilikuwa kimeinamishwa kwa kimo cha mkewe, na mzee hakuwahi kukigusa, hata kukifuta vumbi.

Akaita fundi wa magari, kijana mmoja mchangamfu, naye akaja siku ya Alhamisi. Akafunua boneti, akalala chini ya gari, akabadilisha mpira wa pampu, akakaza kabureta. Akanusa, akanusa tena.

"Mzee wangu, hapa hakuna kitu. Huyo mama anakuonea tu."

"Huna shaka?"

"Si nusa mwenyewe!"

Fundi Saa akainama, akavuta pumzi ndefu, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeridhika. Kumbe hakusikia chochote. Miaka mingi nyuma alianguka kutoka kwenye ngazi akitundika saa ya ukutani, akagonga kisogo, na tangu siku hiyo harufu zote duniani zilimuaga. Mkewe peke yake ndiye aliyejua. Yeye ndiye aliyekuwa akisema maziwa yamechacha, shati hili bado, gesi funga. Mikono ya mume, pua ya mke, nyumba ikaenda. Mke alipoondoka mzee hakumwambia mtu mwingine. Alikunywa maziwa yaliyochacha akajua kwa tumbo.

Jumamosi madirisha yakabamizwa tena, pa! pa! Mzee akakaa kitandani mwake akiyasikiliza. Halafu akavaa koti, akapanda ngazi, akabisha hodi.

"Kama umekuja kuniambia fundi kasema halinuki, rudi," alisema Mama Madirisha, mlango ukiwa nusu.

"Nimekuja kuazima."

"Kuazima nini? Chumvi?"

"Pua."

Mama akamtazama vizuri. Mzee akamweleza, macho yakiwa kwenye kizingiti, habari ya ngazi na kisogo. Akadhani atachekwa.

"Kwa hiyo miezi yote hii nakupigia kelele, wewe husikii?"

"Kelele nasikia, mama. Harufu ndiyo sisikii."

Mama akacheka, lakini tayari alikuwa anatafuta viatu.

Wakiwa njiani kushuka akamwambia jambo ambalo fundi hakuwahi kuuliza. "Hainuki kila siku. Inaanza Jumamosi, Jumapili inapungua, Jumatatu nafungua madirisha. Mimi nikajua una visa na Jumamosi."

Mzee akasimama katikati ya ngazi. Jumamosi ndiyo siku aliyokuwa akienda kituo cha mafuta kujaza tangi mpaka petroli ionekane mdomoni. Jumapili anaendesha hadi makaburini kwa mkewe na kurudi, basi. Wiki inayofuata anajaza tena.

Uani Mama Madirisha akanusa kama mtu anayechagua nyama. Kwenye boneti, hapana. Chini ya viti, hapana. Buti ilipofunguliwa akarudi nyuma akashika pua. "Hapo hapo! Mungu wangu!"

Mzee akatoa zulia, akatoa tairi la akiba. Palikuwa na mpira mnene unaounganisha mdomo wa kujazia na tangi. Ukiutazama, mzima. Alipoukunja kwa vidole ukafunguka nyufa kama midomo wakati wa baridi, na nyufani mlikuwa na unyevu. Tangi likijaa pomoni, petroli inafika pale. Likipungua kidogo, hakuna kitu.

"Sasa unajaza hivyo unakwenda wapi?" aliuliza mama.

"Tulikuwa twende mbali, mimi na mwenzangu. Yeye kila tukifika kwenye pampu anamwambia mhudumu, 'Nusu inatosha. Ukimjazia huyu atanichukua, na nimeacha nguo kambani.' Sasa hakuna wa kunizuia. Najaza. Halafu siendi."

Chini ya zulia mzee alikuwa ametoa kitu kingine: sweta la kahawia la mkewe, lililokunjwa vizuri. Akalishika kwa muda, kisha akamnyooshea.

"Na hili? Linanukia nini?"

Mama akaliweka usoni. Alikaa nalo muda mrefu kuliko alivyokaa na buti.

"Petroli, mzee. Nisikudanganye. Petroli tupu."

"Ahsante," akasema Fundi Saa.

Mpira mpya ulipatikana wiki hiyo, na mzee akaufunga mwenyewe kwa vibano viwili. Mwenye nyumba alikuja, akasogea karibu safari hii, akanusa, akaenda zake. Gari likabaki.

Jumamosi asubuhi, kabla ya kutoka, Fundi Saa alifua lile sweta kwa mikono, maji mara tatu, akalitundika. Ghorofa ya pili madirisha yalikuwa wazi, redio ya mama ikisoma habari.

Kwenye kituo cha mafuta mhudumu alimwona akija, akaishika pampu tayari. "Mpaka mdomoni, mzee?"

"Nusu."

"Leo husafiri?"

"Nimeacha nguo kambani," alisema mzee, akatazama mbele mpaka petroli ikaisha kuingia.